Nyumba Iliyoyapisha Maji: Siku Tano Viterbo, Bagnaia na Caprarola

Siku ya kwanza, Jumamosi: Roma hadi Viterbo

Mimi ni fundi bomba. Nalisema mapema ili anayetafuta habari za sanamu na picha za ukutani ajue kwamba macho yangu huanza chini, kwenye viungo, ndipo yakapanda polepole. Zaidi ya miaka ishirini nimetambaa chini ya sinki za Mombasa na kupanda madari ya Mji wa Kale nikifunga matangi, na kila mteja namwambia neno lile lile: maji hayapandi kwa kuombwa. Ukiyataka ghorofani, yaweke kwanza juu ya ghorofa.

Dada yangu anaishi Roma mwaka wa kumi na tano sasa. Nimemtembelea mara hii ya kwanza, na mwanawe, anayesomea usanifu majengo, aliona mjomba ameanza kuchoka na makanisa. Jana usiku akanijia: "Mjomba, nikupeleke mahali ambapo kadinali mmoja aliigawa nyumba yake mbili ili maji yapite katikati?" Nikamuuliza pampu zilikuwa za aina gani. "Pampu? Mwaka 1568, mjomba?" Nikaenda kutafuta viatu.

Treni ya Viterbo ni ya abiria wa kila siku, inasimama hata pale ambapo hakuna anayeshuka wala kupanda. Karibu saa mbili. Tumepanga chumba mtaa wa San Pellegrino, ndani ya ukuta wa mji wa zamani, na hapo nikajihisi nimerudi kwetu kidogo: vichochoro vya watu wawili kupishana, nyumba zimeegemeana, kivuli mchana kutwa. Badala ya baraza wana ngazi za mawe nje ya nyumba, zinapanda hadi kibaraza cha ghorofa ya kwanza. Jiwe lao si tumbawe. Ni jiwe la volkano, la kijivu, wanaliita peperino, lina vidoto kama pilipili manga iliyosagwa. Nililigusa kila kona. Likilowa linageuka jeusi.

Siku ya pili, Jumapili: Bagnaia

Basi la Bagnaia ni safari fupi, kilomita tano hivi. Unashuka kwenye uwanja wa kijiji, unapanda njia moja, unafika lango la Villa Lante, ndiyo nyumba ya kadinali yule. Mpwa wangu alitaka tuanze chini kwenye ua mkubwa, kama wageni wote. Nikakataa. Kazi ya bomba hukaguliwa kutoka tangini kwenda mferejini. Tukapitia pembeni, kwenye msitu, hadi juu kabisa.

Mwanzo wake hauna fahari yoyote. Kuna jabali lenye ukoka na kangaga, limeachwa kama pango, maji yanatoka kwenye nyufa zake na kumwagika kwenye birika. Wanaliita Chemchemi ya Gharika. Kushoto na kulia vimesimama vibanda viwili vya mawe vilivyopewa jina la Muses, miungu wa kike wa sanaa. Mpwa akanionyesha ukingo wa paa: huko zimefichwa njia za maji, na zamani zikifunguliwa zilikuwa zikiwanyeshea wageni waliokuwa wamesimama chini wakistaajabu. Mabwana wa karne ya 16 waliupenda sana mzaha huu wa kumlowesha mgeni aliyevaa hariri. Mimi ningemlaani mtu. Lakini nilitazama mteremko kutoka chanzo cha mlimani hadi pale, nikaelewa kwamba presha ipo, na haikuhitaji mashine. Ni hesabu ile ile ya maji ya Mzima, yanayotoka chini ya Milima ya Chyulu na kushuka hadi Mombasa kwa mteremko peke yake tangu miaka ya 1950. Tofauti ni kwamba ya Mzima yakifika kwetu mtaani mara nyingi huwa yameshachoka, na ya Bagnaia yanaingia kwa mbwembwe.

Hatua chache chini lipo birika la pembe nane, Chemchemi ya Pomboo. Hapo nikasimama. Pembe nane hizo nimeziona Kilwa, kwenye magofu ya Husuni Kubwa: birika la kuogea la sultani, limekatwa juu ya mwamba unaotazama bahari, na limelitangulia hili la Bagnaia kwa zaidi ya miaka mia mbili. Sisemi mmoja alimwiga mwingine. Nasema tu kwamba mwenye mali, popote alipo, akishashiba hutaka birika ambalo si la mraba.

Kisha ukaja mnyororo wa maji, na hapo ndipo nilipokaa hadi mpwa wangu akaenda kununua mkate akarudi.

Mwenye bustani aliitwa Kadinali Gianfrancesco Gambara, askofu wa Viterbo tangu mwaka 1566. Kwa Kiitaliano kamba, yule wa kuliwa, anaitwa gambero. Gambara, gambero: nembo ya ukoo wao ikawa kamba. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa sana, maana gambero na kamba wetu wanakaribiana hata kwa sauti. Basi katikati ya ngazi zinazoshuka mlima, wachongaji walimlaza kamba mmoja mrefu wa mawe. Pingili za mwili wake zinajipinda kushoto, kulia, kushoto, kulia, na maji yanapita mgongoni mwake. Chini kabisa makucha yake yanayamwaga kwenye birika jingine. Kwa hiyo ni kamba aliyenyoshwa kama kamba. Nilimweleza mpwa, aliyezaliwa huku na Kiswahili chake ni cha nyumbani, akacheka mpaka mlinzi akageuka.

Nikapiga goti kukagua kazi. Mfereji wenyewe si laini. Kila baada ya hatua moja pana kikombe kifupi cha jiwe, chenye mdomo ulioinuliwa kidogo. Maji yakifika yanajaa, yanavimba, yanaruka mdomo, yanaangukia kikombe cha pili. Ndiyo maana yanameta na kutoa sauti. Yangepewa mtelezo mnyoofu yangeshuka kimya kama maji ya mvua kwenye bomba la paa, wala asingegeuka mtu. Fundi aliyeshughulikia maji alikuwa Tommaso Ghinucci, mtu wa Siena. Ramani ya bustani yote huhesabiwa kuwa ya Jacopo Barozzi, anayejulikana kwa jina la mji wake, Vignola. Vignola anatajwa kila mahali. Ghinucci nimemtafuta kwenye vibao nikachoka. Nilitia kidole kwenye kikombe kimoja kupima kina, filimbi ikalia. Nikainua mkono kuomba radhi.

Makucha ya kamba yanamwaga kati ya majitu mawili ya mawe yaliyojinyosha kama wazee wanaopunga upepo alasiri. Ni mito miwili, Tiber na Arno. Mbele yao, uwanjani, ipo meza ya kadinali.

Meza hiyo ni ya mawe, ndefu, na katikati yake, kutoka kichwa hadi mguu, umechimbwa mfereji. Maji yale yale yaliyopita mgongoni mwa kamba yanaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Wageni walikaa kandokando, chupa za mvinyo zikipozwa majini, na matunda yakielea kwenye sahani kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Wazo walilitoa kwa Warumi wa kale: Plinio Mdogo aliandika kwamba kwenye shamba lake sahani nyepesi zilielea juu ya birika wakati wa chakula. Nilikaa ukingoni nikafikiria birika za misikiti ya Lamu na Mji wa Kale, zenye visahani vya kauri vilivyopachikwa chini na samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu. Kwetu maji yaliletwa ndani kwa ajili ya udhu, huku kwa ajili ya mvinyo. Ufundi ni mmoja.

Chini ya uwanja wa meza kuna Chemchemi ya Taa. Ni ngazi za duara, nusu zimeingia ndani na nusu zimetokeza nje, na juu ya kila ngazi vimepangwa vitaa vya mawe mfano wa taa za mafuta. Mahali pa mwali unatoka uzi wa maji. Jua la saa sita lilikuwa linauwasha kila uzi. Niliangalia kama ziko zinazolingana kimo. Zilikuwa zinalingana, isipokuwa mbili zilizolegea upande wa kushoto, na kwa idadi ile mbili si neno.

Sasa nyumba. Mpaka hapa tumeshuka viwanja vinne na hatujaona nyumba, nayo ndiyo ajabu yenyewe. Kwa desturi ya majumba haya ya shamba, jumba hukaa katikati likajaza macho, bustani ikawa zulia lake. Bagnaia kuna majumba mawili, ya mraba, yanayofanana kama mapacha, moja kulia na moja kushoto, si makubwa. Katikati yao hakuna mlango wala ukumbi, ni njia ya maji na miteremko ya kushukia. Mpwa ana maneno yake ya chuoni, mhimili, ulinganifu, mtazamo. Mimi niliona nyumba iliyosogea kando, kama mtu anavyosogea kichochoroni akiona mzigo unapita.

Pacha la kwanza lilikamilika mwaka 1578. La pili lilichelewa, na kisa kinasimuliwa hivi: Kadinali Carlo Borromeo, mtu wa kujinyima ambaye baadaye alitangazwa mtakatifu, alifika Bagnaia akazungushwa bustani yote. Alipoulizwa anaonaje, akajibu kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kuwajengea watawa nyumba. Gambara aliweka nyundo chini. Alifariki mwaka 1587 pacha la pili halijasimama. Likajengwa na mrithi wake, Alessandro Peretti di Montalto, mjukuu wa dada yake Papa Sixtus V, aliyepewa ukadinali akiwa bado mvulana. Huyo hakuulizwa na mtu fedha imetoka wapi.

Uwanja wa mwisho, chini ya majumba, ni tambarare. Mimea mifupi ya majani madogo imekatwa kwa mkasi ikawa mistari, miduara na mapambo, na katikati yapo mabirika manne yenye mashua za mawe, ndani ya kila mashua askari mdogo na bunduki yake. Kiini cha mabirika ni Chemchemi ya Wamori: vijana wanne wamesimama wima, wameinua juu vilima vitatu na nyota, nembo ya huyo Montalto, na maji yanaruka kutoka ncha za nyota.

Wamori ni jina la zamani la Wazungu kwa watu wa Afrika Kaskazini, na Mwafrika akilisikia lazima asogee. Tulisogea. Mpwa akaninong'oneza, "Mjomba, ndio sisi hawa?" Nikawazunguka wote wanne. Pua si zetu, nywele si zetu. Weusi wao ni wa peperino iliyonyeshewa maji tangu enzi za Wareno kwetu. "Hapana," nikamwambia, "hawa wamelowa tu."

Siku ya tatu, Jumatatu: Viterbo

Jumatatu majumba ya kale hufungwa. Tumezunguka mji. Hapa makadinali walikaa tangu mwishoni mwa 1268 hadi Septemba 1271 wakishindwa kumchagua papa, hadi wenyeji wakawafungia ndani, wakawapunguzia chakula na kulibandua paa la ukumbi waliomo. Ukumbi upo bado, sasa una paa. Mchana miguu yangu ilidai kupumzika, nimelala. Jioni nimewaandikia nyumbani kwamba nimeona kamba mkubwa kuliko wa Bandari ya Zamani, na hakuna aliyeamini.

Siku ya nne, Jumanne: Caprarola

Kusini ya Viterbo basi linapita mashamba ya miti ya nocciola, njugu zinazotiwa kwenye chokoleti, safu baada ya safu. Caprarola ni kijiji kimoja kirefu chenye barabara moja iliyonyooka kama rula. Barabara hiyo Vignola aliipasua katikati ya nyumba za watu, ili mgeni tangu mbali asione kitu kingine ila jumba la Farnese juu ya kilima. Mtu aliyevunjiwa ukuta wake kwa ajili ya mandhari ya kadinali hana kibao.

Jumba lina pande tano. Lilianza kama ngome mwanzoni mwa karne ya 16, kwa michoro ya Antonio da Sangallo Mdogo na Baldassarre Peruzzi, kwa ajili ya Alessandro Farnese ambaye baadaye alikuwa Papa Paulo III. Ujenzi ukasimama. Mjukuu wake, kadinali mwenye jina lile lile, akamwita Vignola mwaka 1559 ageuze ngome kuwa makazi. Pembe za boma zikabaki chini, na juu yake yakapandishwa madirisha, varanda na kumbi. Ndani ya pande tano Vignola aliweka ua wa duara. Unaingia kwenye ukali, unatokea kwenye wororo.

Kwa mtu wa Mombasa, boma lenye pembe zilizotokeza halina ugeni. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilichorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati wa Milano, aliyekuwa akiwatumikia Wareno. Nimecheza chini ya kuta zake utotoni bila kujua kwamba shule ya michoro ile ni ya huku. Tofauti ni mwisho wao. Ngome ya Caprarola ilivalishwa nguo za sherehe kabla ya kupigana. Yetu haikupata bahati hiyo, ilipigana karne nzima.

Ngazi kuu inapanda kwa kuzunguka, imebebwa na jozi thelathini za nguzo za peperino. Vipandio ni vifupi, goti halihisi. Nilihesabu jozi hadi kumi na saba nikapotezwa na michoro ya Antonio Tempesta inayopanda nawe ukutani.

Chumba nilichokwenda kukitafuta ni cha ramani, cha miaka ya 1570. Dari yake ni anga la buluu lenye makundi ya nyota yaliyovaa miili ya wanyama na watu, na kutani ni dunia yote, kisha Ulaya, Asia, Afrika, Amerika. Mchora ramani alikuwa Giovanni Antonio Vanosino da Varese. Nilisimama mbele ya Afrika. Kamba ya kuzuia watu (hii ya kusokotwa) iko mbali na ukuta, na herufi ni ndogo. Mpwa akavuta picha kwa simu, herufi zikavunjika kuwa vidoto. Nilifuata pwani kwa kidole hewani, kutoka pembe ya Somalia nikishuka, mpaka mahali ambapo kwa kukisia kwangu nyumba yangu ipo. Wakati rangi hii inapakwa, Mombasa ilikuwa imekwisha chomwa na Wareno mara mbili, 1505 na 1528. Ukutani pwani imetulia, rangi yake ni ya asali.

Ukumbi mmoja una picha ya Hercules, shujaa mwenye nguvu wa hadithi za kale. Wanasimulia kwamba Ziwa Vico, lililo hapo nyuma ya vilima, lilitokea pale alipokita rungu lake ardhini na lilipong'olewa maji yakafoka. Fundi yeyote aliyewahi kutoboa bomba kuu kwa sururu anajua hadithi hiyo inatoka wapi.

Bustani mbili ziko nyuma, zimeungwa na jumba kwa madaraja juu ya handaki. Ukipita msitu unafika kwenye nyumba ndogo ya kupumzikia, na hapo tena, mnyororo wa maji, wenye pomboo badala ya kamba. Ni mzuri, ni mpana, ngazi zake za pembeni zinajipinda. Lakini maji yamewekwa nyuma, mwisho wa matembezi, kama halua inayoletwa watu wameshashiba. Farnese na Gambara walikuwa marafiki, na Vignola huhesabiwa kuwa aliwachorea wote wawili. Ningekuwa mteja wa Vignola ningechagua kazi ya Bagnaia.

Tumekosa basi la jioni kwa dakika mbili kwa sababu ya mtu aliyetaka kuhesabu tena zile nguzo. Jibu ni thelathini.

Siku ya tano, Jumatano: Bagnaia tena

Nilimwambia mpwa siwezi kurudi Roma bila kuona tena, akasema alijua, na tiketi za treni alikuwa amekata za jioni.

Safari hii tulianza na nyumba. Varanda ya chini ya pacha la Gambara imechorwa kuta zote, kazi ya Raffaellino da Reggio na wenzake, na humo kadinali alichoresha bustani za wenzake: Villa d'Este ya Tivoli na Caprarola tuliyotoka jana, pamoja na Bagnaia yenyewe. Nilimuuliza mpwa ni mwenye nyumba gani anayetundika picha ya nyumba ya jirani sebuleni kwake. Akafikiri. "Anayejua yake ni nzuri zaidi," akasema. Huyu kijana atakuwa msanifu.

Katika picha ya Bagnaia mapacha yote mawili yapo, yamekamilika, ingawa ukuta ulipopakwa rangi la pili lilikuwa bado kwenye karatasi. Borromeo alipopita hapa, kama kisa chake ni kweli, huenda alilitazama.

Kabla ya Gambara hapakuwa na bustani hii, palikuwa mahali pa kuwindia tu. Mwaka 1944 nusura pasiwe na chochote tena: mabomu ya ndege za Washirika yaliangukia bustani na majumba. Ilirudishwa baada ya vita, jiwe kwa jiwe. Mabomu na mabomba yanatofautiana kwa silabi moja tu. Nilipanda hadi kwa kamba nikatafuta viraka. Viko, ukiinama. Pingili fulani zina kingo kali, hazijalambwa na maji kama jirani zake.

Mzee mmoja wa bustani alikuwa anatoa majani kwenye vikombe kwa brashi ya mpini mrefu, kikombe kwa kikombe, kutoka juu kwenda chini. Nikamwambia mpwa amuulize kama huzibuka mara kwa mara. Mzee akajibu bila kuinua kichwa. "Anasema kila siku," mpwa akatafsiri. Nikamwambia amweleze kwamba mimi ni fundi wa kazi hiyo hiyo, natoka Mombasa. Mzee akanitazama mikono kwanza, kisha uso, akanipa brashi.

Nilisafisha vikombe vinane. Mlinzi wa filimbi alipita akatazama kando.

Kwenye uwanja wa kijiji, tukisubiri basi, kuna mfereji wa bure ambao watu wanajazia chupa. Nilijaza yangu, nikanywa nusu, nikaiweka tena chini ya maji. Mpwa alikuwa anachungulia kona ya barabara. "Mjomba, linakuja," akasema. Chupa ilikuwa bado haijajaa.